Donkey Kong Country ndani ya TV game: hii poti (muziki uliohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine) imeweza, lakini ijaribiwe kwa mashine zetu

Wasee, kama ulikulia Nairobi na kwenu ama kwa jirani kulikuwa na TV game ya kaseti, ile ya padi mbili za waya na bunduki ya plastiki, hii review ni yako. Kuna jamaa wa hapa Eastlands amechukua muziki wa Donkey Kong Country, gemu ya Super Nintendo ya 1994, akaupanga upya kwa chipu ya Famicom ya 1983, na Famicom ndio mashine ambayo TV game zetu zilikopiwa. Ngoma ni tano: DK Island Swing, Aquatic Ambience, Fear Factory, Northern Hemispheres na Gang-Plank Galleon. Anazipeana bure, kuna faili ya NSF ya kuskiza kwa simu ama laptopu na kuna ROM ya kuweka kwa kaseti. Aliniomba maoni ya ukweli, akasema hataki kupigiwa makofi tu, sasa wacha niyaandike hapa mbele ya watu juu najua kuna wengine wengi mnafanya vitu kama hivi na haya mambo mtakutana nayo.

Kwanza mjue hii kazi ni ngumu aje. Super Nintendo ina chaneli nane za sauti na kila moja inacheza sampuli, yaani kipande cha sauti iliyorekodiwa, ukitaka filimbi unaweka filimbi, ukitaka ngoma unaweka ngoma, bora vyote vitoshee kwa memori ya sauti ya KB 64, na mwangwi umejengwa ndani ya chipu yenyewe. Famicom haina hio raha. Iko na sauti mbili za mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya sampuli za biti moja ambazo zinakwaruza, basi. Mwangwi hakuna. Kutoa muziki kule uulete huku ni kama kuhama nyumba ya vyumba vitatu uingie bedsita na familia yote, lazima uamue nini kinabaki nje. Kwa hivo mimi poti siipimi kwa kuangalia kama noti zote ziko, naipima kwa kile mtu ameamua kuacha na kile ameamua kushikilia. Na si ati ni mara ya kwanza watu kujaribu, Hummer Team wa Taiwan walishatoa Donkey Kong Country 4 ya Famicom miaka ya 90 bila ruhusa ya mtu, kwa hivo swali la kama inawezekana liliisha kitambo. Swali ni kama inaskizika.

Inaskizika. Tena sana.

Aquatic Ambience ndio niliikimbilia. Ni ile ya chini ya maji, unaikumbuka kutoka Coral Capers. David Wise, mtunzi wa gemu, aliunganisha vipande vifupi vya mawimbi ili apate ile hali ya sinthi ya Korg Wavestation, sauti inabadilika rangi ikiwa bado inalia. Sasa kwa Famicom hauna sampuli za kuchezea hivo, utafanya aje? Jamaa ameshika ile sauti ya pili ya mraba na anabadilisha upana wa wimbi (ndio unaamua rangi ya sauti) noti ikiwa bado inaendelea, inaanza asilimia 12.5 ikiwa nyembamba ya puani, inaenda 25, inafunguka 50, alafu inarudi vile ilikuja, na wakati huohuo noti za kodi (chord) zinapishana haraka haraka mpaka sikio linazishika zote kama kodi moja. Weka hedifoni uskize mwanzo tu kabla besi haijaingia. Inapumua, aki. Chipu ya 1983 inafanya kitu ambacho Wise alifanya na mashine iliyokuja miaka mingi baadaye, na haijaiga, imepata njia yake.

Na mwangwi ambao mashine haina ameuweka kwa mkono. Popote melodi imeacha kanafasi kati ya noti mbili, anarudisha noti iliyopita kwa sauti ya chini. Volyumu ya sauti za mraba iko na hatua 16 tu, kwa hivo huyu mtu amekaa akachagua namba moja moja, noti ikilia kwa 10 mwangwi unakuja kwa 4 na mwingine kwa 2. Hii ujanja ni ya zamani, prodyusa wa Famicom walikuwa wanaitumia, lakini kwa ngoma ya polepole kama hii si rahisi juu noti zimenyooka na nafasi ni chache, na yeye amefupisha noti kidogo kidogo, kiasi tu cha kupitisha mwangwi na usiskie melodi imekatwa. Besi pia. Pembetatu ya Famicom haina volyumu, iko ama haiko, kwa hivo ile besi inayofifia kwa ya asili hawezi kuipata, basi ameikata mapema na akaacha kimya kifanye kazi. Hapo nilirudisha nyuma nikaskiza tena.

Sasa hio yote ni kwa laptopu, na ndio nataka tuongee kuhusu TV game.

Nilichukua ROM nikaiweka kwa EverDrive ya pini 60, ile kaseti ya kubebea ROM, nikachomeka kwa TV game ya kawaida, zile clone za kichina zilizokuwa zinauzwa kila mahali, na TV ya zamani yenye spika yake mbele. Aquatic ikaanza na nikajua mara moja kuna kitu. Rangi ya sauti haifunguki polepole, inaruka. Inaanza nyembamba, inapasuka ghafla ikiwa nono, alafu inarudi kati, alafu nono tena. Hii si bahati mbaya na si kaseti mbovu. Clone nyingi za Famicom, chipu zao zimebadilishana upana wa mawimbi, ukiagiza 25 inakupea 50 na ukiagiza 50 inakupea 25. Kwa hivo ile safari yake ya 12.5, 25, 50 kwa TV game yetu inakuwa 12.5, 50, 25. Kitu alikipanga kwa upendo hivo kikifika kwa mashine ambayo watu wa huku wako nayo kinageuka kuwa kigugumizi. Ukiskiza kwa emuleta hautawahi jua, juu emuleta kwa kawaida inaiga Famicom ya ukweli ya Japani.

Na dawa iko, tena si ngumu. Kuna upana wa nne, asilimia 75, ambao kwa sikio unalia sawa na 25, na hizo clone hazijaugusa. Ndugu yangu, popote umeandika 25 weka 75. Hapo robo yako italia sawa kwa Famicom halisi na kwa clone. Ile 50 ndio itabaki na shida, kwa clone itaskika kama 25, kwa hivo sauti haitafunguka hadi mwisho, lakini haitaruka tena, itatoka nyembamba ikae kati. Ukitaka iwe safi kabisa toa ROM mbili, moja ya Famicom na moja ya clone, na kwa menyu uweke noti mbili za majaribio mtu askize aamue yake ni gani.

Tempo ndio inauma zaidi. Mashine ya Japani inaenda Hz 60, yaani fremu 60 kwa sekunde, na poti imeandikwa hivo, kila hatua ya muziki inangoja fremu moja ya picha. TV game za huku ni za TV za PAL, Hz 50. Sauti zenyewe hazishuki sana, kwa hizi clone ni kama asilimia moja tu, sikio la kawaida halishiki, lakini mwendo unapungua kwa sehemu moja ya sita. Aquatic inavumilia, ni ngoma ya kuelea. Gang-Plank Galleon haivumilii hata kidogo. Ile ngoma inaanza na wimbo wa mabaharia, ukidhani mambo ni mchezo, alafu magitaa yanaingia na inakuwa vita na King K. Rool, yule mamba bosi, na nguvu yake yote iko kwa ule mruko. Kwa TV game yangu mruko ukafika umechoka. Nilikaa pale naona mamba anakuja kwa haraka kwa kichwa changu na muziki unatembea. Tafadhali andika toleo la Hz 50, FamiTracker, ile programu ya kuandikia muziki wa Famicom, iko na modi ya PAL, lakini usiamini kubadilisha hio modi peke yake, angalia pia spidi ya safu na zile bahasha za volyumu (vile sauti inapanda na kushuka ndani ya noti), juu bahasha pia zinahesabu fremu na mwangwi wako utachelewa.

Tukiwa bado Gang-Plank, kuna shida nyingine hapo na hii iko hata kwa emuleta. Kila kiki, ile ngoma nzito ya chini, ikipigwa besi inadidimia. Nilidhani ni spika, si spika. Chaneli ya sampuli na pembetatu zinachanganywa pamoja ndani ya chipu, na sampuli ikiisha ikiwa imeacha kaunta yake juu, pembetatu na kelele zinapungua sauti mpaka kaunta ishuke. Kiki yake inaishia juu. Kwa hivo besi inaanza mstari ikiwa na nguvu, kiki inapiga, besi inaenda mbali, inarudi, kiki tena. Kwa sehemu ya magitaa ambapo besi ndio imebeba kila kitu unaskia ngoma inayumba. Kata sampuli ili iishie chini, ama uweke Z00, amri ya FamiTracker ya kushusha hio kaunta hadi sifuri, baada ya kiki, lakini chunga Z00 ikiwekwa ghafla inaleta kamlio ka tak, kwa hivo mimi ningeanza na kukata sampuli yenyewe. Pia lupu ya hii ngoma iko na kimya kidogo mwishoni kabla irudi kwa mabaharia, na kwa ya asili hakuna kupumua hapo.

Kwa magitaa yenyewe sina neno. Mraba mbili, moja imeshushwa kidogo ya pili, zinagongana na kutetemeka, na ukifunga macho ni gitaa ya umeme. Poa sana.

Fear Factory kwangu ndio bora ya zote, na najua watu watabisha juu kila mtu anataka Aquatic. Nisikizeni. Ya asili ni muziki wa kiwanda, chuma kwa chuma. Kelele ya Famicom iko na modi mbili, ile ya kawaida ya shhh na ile fupi ambayo inatoa mlio wa bati, na watu wengi wakifanya poti wanasahau hio ya pili iko. Huyu ameijenga ngoma yote juu yake. Vyuma vinagongwa na chaneli ya kelele, hakuna sampuli hata moja hapo, sampuli amezihifadhia kiki peke yake na hii kiki ni nyingine, fupi, inaishia chini, besi haiyumbi (kwa hivo hio dawa ya Gang-Plank anaijua tayari!). Hapa hajaomba Famicom iwe Super Nintendo. Amechukua kitu ambacho Famicom inajua kufanya na akakipea ngoma inayokihitaji, na ndio maana hata kwa TV game ya PAL, ikiwa imepungua mwendo, bado inasimama.

Hii nilimpelekea dere mmoja tunayejuana wa ruti ya 58, gari ikiwa stejini Buruburu inangoja watu, akachomeka simu yangu kwa sistimu. Wale mnajua spika za mathree za 58 mnajua ninaongea kuhusu nini. Pembetatu ya Famicom ikiingia kwa sabufa za matatu inajaza gari mpaka vioo vinaongea, sikutegemea, ni wimbi safi halina takataka nyingi juu kwa hivo sabufa inalipenda. Konda akauliza hii ni biti ya nani. Lakini spika ndogo za juu zikatuonyesha kitu, pale kati ya ngoma ambapo melodi inapanda kwa upana wa 12.5, ilikuwa inachoma masikio, mama mmoja alikuwa ameshaketi akashika sikio na dere akashusha. Hapo shusha volyumu ya melodi hatua mbili ama utumie 75 badala ya 12.5. Najua matatu si mashine ya Nintendo, lakini watu wa Nairobi wataskizia hizi vitu mahali spika kubwa iko.

Northern Hemispheres iko sawa. Baridi iko, ile upweke iko, pembetatu imetumika vizuri kwa chini, sina mengi.

DK Island Swing ndio imeniacha na huzuni kidogo, na nasema hivi nikijua ndio ngoma ya kwanza kwa menyu na ndio watu watahukumu nayo. Hapa jamaa alikataa kuacha kitu nje. Melodi iko, majibu yake yako, kodi ziko, ngoma za msituni ziko, na zote zinapigania sauti mbili za mraba, kwa hivo melodi inakatizwa katikati ya sentensi ili kitu kingine kipite alafu inarudi. Noti zote ziko, naamini, lakini hauwezi kuimba pamoja nayo. Na zile ngoma za kupigwa za mwanzo ameziweka kama sampuli, na juu sampuli zote za Famicom zinakaa kwa nafasi ya KB 16 akazishusha hadi kiwango cha chini kabisa, kama kHz 4 hivi, zikawa matope. Ngoma si lazima zirekodiwe! Pembetatu ikishushwa haraka kutoka juu kwenda chini inakuwa ngoma ya kupigwa na mkono, ongeza kelele fupi pale mwanzo upate ngozi, na hio hata haili memori ya sampuli. Alafu toa yale majibu yote ya nyuma, acha melodi ipite peke yake mara ya kwanza, majibu yaje ikirudia. Wewe mwenyewe umeshafanya hivi kwa Fear Factory.

Kuna kitu cha menyu pia. Ukibonyeza padi kuchagua ngoma wakati sampuli inacheza, wakati mwingine inaruka ngoma ambayo haujachagua. Ni ile shida ya Famicom ambapo chaneli ya sampuli inavuruga usomaji wa padi, gemu za zamani zilikuwa zinasoma padi mara mbili na kulinganisha, ikiwa si sawa zinasoma tena. Fanya hivo tu.

Na faili ya maelezo. Umeandika muziki wote ni wa David Wise na si kweli, Northern Hemispheres ni ya Eveline Fischer, alikuwa Rare, kampuni iliyotengeneza gemu, wakati huo na amefanya sehemu nzuri ya hio gemu, na kila mara jina lake linamezwa. Tafadhali liandike. Wewe umekesha ukiweka noti za huyu mama moja moja kwa mkono, na watu wa huku wanaweza kuwa wanalisoma jina lake mara ya kwanza kwa faili yako. Andika pia juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba hii kitu ni ya bure na haiuzwi, juu naijua Luthuli, ile street ya maduka ya elektroniki, na sitaki kupata kaseti yako ikiuzwa pale na jina lako halipo.

Kwa wale wanataka kuiskiza: ukiwa na emuleta ama simu, danlodi NSF saa hii, anza na Fear Factory kisha Aquatic, na ya kwanza kwa menyu uiruke kwanza. Ukiwa na Famicom halisi ya Japani, ROM itakupea karibu kila kitu. Ukiwa na TV game ya clone kama yangu, Fear Factory na Northern Hemispheres ziko sawa vile zilivyo, hizo zingine ngoja toleo la Hz 50. Na wewe ndugu yangu, ukitaka mashine ya kujaribia hilo toleo kabla ulitoe, yangu iko na kaseti iko, njoo nayo kwa flashi.